Mbabula ya bei ndogo ao ya bei kubwa: namna ya kuchagua

Sokoni Kadutu, Birere ao katika soko lolote la Beni, Butembo na Uvira, mbabula zinapangwa chini moja pembeni ya ingine. Kuna ile ya bati tupu, nyepesi, ambayo mtu anaweza kuinunua na pesa ya mboga ya siku mbili. Kuna ile yenye udongo ndani, nzito kidogo, bei yake mara tatu ao mara nne. Mara moja moja kunakuwa pia ile ya kiwandani, yenye kung'aa, ambayo muuzaji anaitaja bei yake kwa dola. Mnunuzi anauliza bei, anasikia, anabeba ile ya kwanza. Wengi wanasema zote ni mbabula tu, kazi yake ni kuivisha chakula.

Hapo ndipo hesabu inaanza kuharibika. Mbabula ni chombo ambacho bei yake kubwa hailipwi siku ya kukinunua. Inalipwa kila asubuhi, kwa ndoo ao kwa kasashe ka makala.

Kupima makala kwanza

Familia nyingi hazijui zinatumia makala kiasi gani. Yananunuliwa kidogo kidogo: kasashe asubuhi, ndoo jioni, na pesa ikiingia, mfuko mzima. Kasashe hakana kipimo kinachojulikana. Mfuko nao haufanani na mwenzake: kuna uliojaa kawaida, na kuna ule uliorundikwa mpaka kichwa kimefungwa kwa majani na kamba. Makala yenye maji nayo ni mazito bure, na ya miti laini yanaisha upesi kuliko ya miti ngumu. Kwa hiyo bei ya mfuko peke yake haisemi kitu.

Njia rahisi ni kuomba mizani kwa jirani anayeuza unga ao maharage, na kwa wiki moja kupima makala yanayoingia nyumbani na yale yanayobaki. Tuseme familia ya watu saba inapata kilo 2 kwa siku. Ni kilo 60 kwa mwezi. Tuseme tena kwamba kilo moja inarudi kwa franka 1,000. Hapo franka 60,000 zinaungua kila mwezi. Mbabula inayopunguza theluthi moja inaokoa kilo 20, ni kusema franka 20,000. Kama ile ya bati tupu ni franka 6,000 na ile ya udongo ni 30,000, tofauti yao ni 24,000, na inarudi kabla ya mwezi wa pili kuisha. Bei hizi ni za mfano, kila mtu aweke zile za mtaa wake. Hesabu haibadiliki: tofauti ya bei ya mbabula mbili, igawanywe kwa pesa ya makala inayookolewa kwa mwezi, jibu ni miezi ya kungoja.

Watu hufikiri kwamba mbabula nzuri ni ya mwenye pesa. Kumbe ni yule wa kasashe ndiye anaipata faida yake kwanza. Yeye ananunua makala kwa bei ya juu kwa kila kilo kuliko yule anayebeba mfuko, kwa hiyo kila kilo anayookoa ina uzito zaidi mfukoni mwake.

Joto linakwenda wapi

Kilo moja ya makala makavu ina nguvu ya kutosha: megajuli 29 hivi. Tatizo ni njia yake ya kufika ndani ya sufuria. Katika mbabula ya bati tupu, kwa sehemu 100 za joto, ni 15 ao 20 tu zinaingia katika chakula. Zingine zinatoka ubavuni, zinatoka chini, na zinapita pembeni ya sufuria. Mtu akikaribisha mkono pembeni ya mbabula hiyo anasikia moto. Joto lile analolisikia mkononi amelilipa, na halijapika kitu.

Udongo wa mfinyanzi ukiwekwa ndani unazuia joto lisitoke ubavuni na unalirudisha kwenye makala. Hiyo ndiyo siri yote. Mbabula ya namna hiyo, ikitengenezwa vizuri, inapeleka sehemu 25 mpaka 35 kwa 100 katika sufuria. Zile nzuri za kiwandani zinapita 40.

Sura ya kiuno chembamba inayoonekana sokoni, pana juu, pana chini na nyembamba katikati, ilitoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huko Nairobi walichukua wazo la mbabula ya ndoo ya Thailand, yenye udongo ndani, wakaliunganisha na kazi ya mafundi wa bati waliokuwa wakitengeneza majiko ya chuma tangu zamani. Udongo ulipunguziwa urefu ili usipasuke ovyo, na bati likabaki nje kuulinda. Kwa sababu fundi yeyote wa bati angeweza kuiga, ikaenea nchi za jirani bila kungoja kiwanda. Uzuri wake uko hapo, na ubaya wake pia. Kila fundi anaiga kwa namna yake, na mbabula mbili zenye sura moja zinaweza kuwa tofauti kabisa kwa kazi.

Kilichoonekana Nairobi

Kuna uchunguzi mmoja ambao kila mtu anayenunua mbabula angestahili kuusikia. Wachumi wawili walifuata familia 1,000 za Nairobi zinazopika na makala, na kazi yao ikatoka mwaka 2022 katika jarida la American Economic Review. Mbabula waliyoitumia ni ya kiwandani, yenye kutumia makala kidogo. Familia zilizoipata zilipunguza pesa ya makala kwa asilimia 39. Kwa miaka miwili, muda ambao mbabula hiyo inadumu, akiba ilikuwa dola 237.

Hata hivyo, wakati familia zile ziliulizwa ziko tayari kutoa kiasi gani, wastani ulikuwa dola 12 tu. Kuwaeleza faida yake kwa urefu hakukubadilisha kitu. Kilichobadilisha ni mkopo: waliporuhusiwa kulipa kidogo kidogo, pesa waliyokubali kutoa iliongezeka zaidi ya mara mbili.

Hii inafundisha jambo ambalo mafundi wa huku wanalijua bila kwenda Nairobi. Mama anayebeba mbabula ya bati tupu si mjinga, na si kwamba hajasikia matangazo. Anajua kabisa ile ingine inaokoa makala. Ila leo ana franka 7,000 mkononi, na watoto hawajakula. Mradi wowote unaokuja na mafunzo peke yake, bila njia ya kulipa polepole, unajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Ile ya bati tupu

Isidharauliwe kabisa. Ni nyepesi, inabebeka kichwani, na familia iliyohama ghafla inaweza kuibeba. Inapata moto upesi, kwa hiyo kwa chai ya asubuhi ao yai la mtoto haina shida kubwa. Inaweza pia kuwa mbabula ya pili, ya kazi ndogo. Lakini kwa maharage ya saa mbili ao tatu, ni kuchoma pesa.

Atakayeinunua aangalie bati lenyewe. Lile lililokatwa kutoka mapipa ya mafuta ni nene na linadumu zaidi. Lile la mabati ya paa ni jembamba, linatoboka kwa miezi michache. Mabati mapya yana pia ngozi nyeupe ya zinki. Ikipata moto mkali mara ya kwanza inatoa moshi mbaya kwa mapafu. Mbabula ya namna hiyo iwashwe kwanza nje, bila sufuria na bila mtu kukaa karibu, mpaka ile nyeupe iungue.

Ile ya udongo: macho na masikio

Hii ndiyo itakayofaa nyumba nyingi, na ndiyo yenye udanganyifu mwingi sokoni. Kuna mafundi wanaopaka udongo mbichi ndani ya bati, wanapitisha rangi juu, basi inaitwa mbabula bora. Udongo ambao haukuchomwa katika tanuru unaanza kumeguka ndani ya wiki mbili, tatu. Mnunuzi asione haya kuichunguza mbele ya muuzaji.

Aanze kwa kugonga udongo kwa kifundo cha kidole. Uliochomwa vizuri unalia wazi, kama sahani. Wenye ufa ao uliochomwa nusu unatoa sauti nzito, iliyokufa. Kisha alowanishe kidole na kukisugua ndani: kikitoka na tope, udongo ni mbichi. Nyufa nyembamba sana zinaweza kuonekana baada ya moto wa kwanza na haziui mbabula, lakini ufa unaopita kutoka juu mpaka chini ni sababu ya kuiacha.

Katikati ya udongo na bati kunatakiwa kuwe na kitu kinachojaza nafasi, mara nyingi simenti iliyochanganywa na majivu ao na kitu kingine chepesi. Mbabula ikitikiswa na udongo ukacheza ndani, itavunjika siku ya kwanza mtoto ataigonga. Mlango wa chini ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Ndio ufunguo wa hewa. Ukifunguka wote, moto unapanda. Ukifungwa karibu wote, makala yanalala na maharage yanaendelea kutokota polepole. Mlango uliopinda, usiofunga, unafanya mbabula ya bei kubwa ifanye kazi ya ile ya bei ndogo. Matundu ya sahani ambayo makala yanalala juu yake nayo yawe mengi na wazi, kidole kidogo kipite.

Jambo la mwisho ni umbali. Sufuria ikae karibu na makala bila kuyalalia. Kukiwa na nafasi ya kiganja kizima kati ya makala na sufuria, mpishi atajaza makala mpaka juu ili moto ufike, na akiba yote itapotea hapo. Kwa hiyo mnunuzi aende sokoni na sufuria yake. Watu watamcheka kidogo, lakini ndiye atakayerudi na mbabula inayolingana.

Ikifika nyumbani, moto wa kwanza uwe mdogo, kwa sababu udongo unabaki na maji ndani, na yakichemka kwa haraka yanaupasua. Kuzima kwa kumwaga maji ni kuivunja kwa mkono wako mwenyewe: udongo wenye moto ukikutana na maji baridi unapasuka, hakuna dawa. Makala yanayobaki yafunikwe na majivu, ao yahamishiwe katika chungu chenye kifuniko yafe kwa kukosa hewa. Kesho yatawaka tena. Katika nyumba nyingi makala yanaachwa yaungue mpaka mwisho wakati chakula kimeshaiva, na hiyo ni hasara ambayo mbabula yoyote haiwezi kuiponya.

Na ile ya kiwandani?

Zinazojulikana zaidi katika eneo hili zinatengenezwa Kenya, kwa mfano Jikokoa ya kampuni ya BURN, yenye kiwanda Ruiru karibu na Nairobi. Chumba chake cha makala ni kidogo, na hicho ndicho kinachoshangaza watu: mpishi aliyezoea kujaza anaona ni kama imemnyima. Lakini chumba kidogo kilichofungwa vizuri kinatunza joto, na chakula kinaiva na makala machache.

Kwa familia ya watu wanne mpaka sita wanaopika katika sufuria ya kawaida, ni chombo kizuri sana. Kwa nyumba ya watu kumi na wawili mambo yanabadilika. Kusonga bugali ya watu wengi kunataka nguvu ya mikono miwili, na mbabula nyepesi inakimbia ao inaegemea upande. Maji ya moto yakimwagikia mtoto, akiba ya makala haina maana tena. Kabla ya kulipa, mnunuzi aweke sufuria yake kubwa juu, aisukume kwa mwiko kama vile anasonga. Kama inacheza, aulize chombo cha kuishikilia, ao achague ile ya udongo yenye miguu mipana. Wenye mgahawa na wale wanaopika kwa matanga na ndoa wanafaidika zaidi na mbabula kubwa ya udongo, iliyotengenezwa kwa kipimo cha sufuria yao.

Swali la pili ni vipuri. Sahani ya ndani ikiungua baada ya mwaka, nani anauza ingine? Kama muuzaji hana jibu, bei ya kweli ya mbabula hiyo ni bei ya kununua mpya. Fundi wa mtaani anaweza kubadilisha udongo wa mbabula yake kwa pesa kidogo na bati likaendelea kutumika. Hilo ni jambo ambalo kiwanda hakikushindi nalo.

Umeme na gesi

Goma na vijiji vinavyoizunguka, umeme wa maji wa Virunga umeleta swali jipya jikoni. Kituo cha Matebe, katika Rutshuru, chenye megawati 13 hivi, kilizinduliwa Desemba 2015. Bukavu inategemea zaidi Ruzizi, na delestaji, ni kusema kukatwa kwa zamu, inajulikana na kila mtoto. Nyumba ambayo haina hakika ya umeme wa saa kumi na mbili jioni haiwezi kutupa mbabula yake.

Resho ya kawaida ya wati 1,000 ikiwaka saa moja nzima inakula uniti moja ya Cash Power. Maharage ya saa mbili ni uniti mbili. Sufuria ya presha ya umeme ni kitu kingine: inafunga mvuke ndani, inafikia joto, kisha inajizima na kujiwasha yenyewe, na maharage hayohayo yanaiva bila kufika nusu uniti. Ni ghali siku ya kununua, lakini kwa mwenye umeme wa hakika na anayepika maharage ao sombe mara nyingi, ndiyo inayookoa zaidi kati ya vyombo vyote vinavyotajwa hapa. Resho, kinyume chake, ni bei ndogo sokoni na bei kubwa kwenye mita. Ni hadithi ileile ya bati tupu.

Kuna pia sahani za umeme za kioo zinazopasha sufuria yenyewe bila kuwa nyekundu. Zinataka sufuria ya chuma. Sufuria nyingi za nyumba zetu ni za aluminiyamu, na juu ya sahani hizo hazipati hata uvuguvugu. Sumaku ndogo inatosha kujua: ikishika chini ya sufuria, itafanya kazi, ikianguka, itabidi kununua sufuria mpya, na pesa hiyo ihesabiwe katika bei.

Umeme dhaifu wa jioni nao unadanganya. Volti zikishuka kutoka 220 mpaka 170, resho ya wati 1,000 inabaki na nguvu ya wati 600 tu. Haikuharibika, imekosa chakula. Waya nyembamba na ralonji ya bei ndogo havifai kwa kupika: resho ya wati 2,000 inavuta ampea 9, na waya uliotengenezwa kwa taa na simu unapata moto ndani ya ukuta wa mbao bila mtu kuona.

Kuhusu gesi, hesabu ya kukumbuka ni moja. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo nne hivi za makala katika mbabula ya bati tupu, ao ya kilo mbili na kidogo katika ile nzuri ya udongo. Mwenye kujua bei ya kilo ya gesi na bei ya kilo ya makala katika mji wake ana jibu lake. Chupa ipimwe mbele ya muuzaji: uzito wa chupa tupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe, kinachozidi ndiyo gesi. Bomba lipakwe maji ya sabuni kila chupa ikibadilishwa, na povu likionekana mahali gesi inavuja, isiwashwe.

Moshi usioonekana

Wakaaji wa Goma wanaijua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini upande wa magharibi wa mji na karibu na ziwa, inayoua mbuzi, mbwa, na mara ingine watu. Mbabula inatoa hewa nyingine inayoua, na watu wanazichanganya.

Mazuku ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala katika mashimo na mabonde. Mtu aliyesimama anaweza kupona mahali ambapo aliyelala anakufa. Gesi ya makala ni monoksidi ya kaboni. Uzito wake ni karibu sawa na hewa, inaenea chumba chote, juu na chini. Kulala kwenye kitanda kirefu hakusaidii kitu. Haina harufu, haina rangi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa nzuri tunayovuta, na damu ikishajaa gesi hiyo haiwezi tena kubeba hewa mpaka kwenye ubongo na moyo.

Ubaya ni kwamba makala yanaonekana masafi. Kuni zinatoa moshi, macho yanalia, mtu anatoka. Makala mekundu hayatoi moshi, na usiku wa baridi wa Goma, Butembo ao Lubero familia inayaingiza ndani na kufunga dirisha. Mbabula ya udongo ao ya kiwandani haiondoi hatari hiyo. Inatumia makala machache, lakini inapofungwa mlango wake ili moto ulale, makala yanakosa hewa na gesi hiyo inazidi. Hakuna mbabula ya makala, ya bei yoyote, inayoruhusiwa kulala na watu chumbani.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na miguu kulegea. Kama watu wawili ao watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na mbabula iko ndani, wasitafute malaria kwanza: watoke nje. Aliyezimia abebwe mpaka kwenye hewa safi, kisha akimbizwe kituo cha afya chenye oksijeni. Maziwa, ambayo watu wengi hukimbilia, hayaondoi gesi hiyo katika damu, na kumnywesha mtu asiyejitambua kunaweza kumuua kwa kumkaba. Mwanamke mwenye mimba apelekwe hata kama anajisikia amepona, kwa sababu mtoto tumboni anaumia zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Na kwa siku za kawaida, mbabula iwashwe nje ya mlango mpaka makala yote yawe mekundu, ndipo iingie jikoni penye dirisha wazi. Kuwasha kwa sashe za plastiki ao kwa vipande vya viatu ni kuongeza sumu juu ya sumu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Msitu nao uko katika hesabu

Kwa tanuru ya udongo ya kienyeji, kilo moja ya makala inatoka katika kilo tano mpaka kumi za kuni. Zile kilo 20 zinazookolewa na familia moja kwa mwezi ni kilo 100 mpaka 200 za miti iliyobaki imesimama. Sehemu kubwa ya makala ya Kivu Kaskazini imetoka kwa miaka mingi ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925 na kuwekwa katika urithi wa dunia mwaka 1979. Biashara hiyo imelisha watu wenye silaha. Julai 2007, gorila wa familia ya Rugendo walipouawa kwa risasi, vidole vilielekezwa kwa wafanya biashara wa makala. Mwaka huohuo shirika la WWF lilianza programu ya EcoMakala, ya kusaidia wakulima kupanda miti ya makala katika mashamba yao wenyewe. Makala hayo ya mikaratusi na miti mingine ya kupandwa yanauzwa sokoni pamoja na yale ya msituni, na kwa macho ni vigumu kuyatenganisha.

Kununua kwa zamu

Kwa sababu kikwazo kikubwa ni pesa ya siku ya kwanza, vikundi vya AVEC na likelemba za mtaa vina nafasi ambayo maduka hayana. Kikundi cha wamama kumi kinaweza kununua mbabula moja ya udongo na moja ya kiwandani, na kuzijaribu kabla ya kuagiza zingine. Jaribio lenyewe si gumu: maharage ya shamba moja, kilo moja kwa kila mbabula, yaliyolowekwa usiku mmoja, maji sawa, sufuria sawa zenye vifuniko, na kilo moja na nusu ya makala iliyopimwa kwa kila upande. Maharage yakiiva, makala yaliyobaki yanazimwa kwa kufunikwa, yanapoa, yanapimwa tena. Afadhali lirudiwe mara tatu, na mpishi tofauti kila mara, kwa sababu mkono wa mpishi unaweza kuokoa ao kupoteza makala kuliko mbabula yenyewe.

Mbabula iliyoshinda ndiyo inayoagizwa, moja kila wiki, kwa zamu ya likelemba. Fundi anayejua kwamba kuna tisa zinazofuata anakubali mara nyingi kushusha bei, na anakubali pia kitu ambacho mnunuzi mmoja hawezi kumwomba: kubadilisha bila malipo ile ambayo udongo wake umepasuka ndani ya mwezi wa kwanza. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye karatasi, na tarehe na sahihi, ibaki kwa mtunza sanduku.